Njia Mbili Kutoka Jichoni

Ananikaribisha mezani kama mgeni:
"Keti, bibi. Chai ipo.
Mwenye nyumba katoka, hatakawia."

Mwenye nyumba ni mimi.
Miaka thelathini na minane naipiga deki sakafu hii,
na paa hili jekundu la bati tulilipaka pamoja
mwaka ule upepo wa Punta Arenas ulipong'oa la jirani.

Hana wazimu. Mwulize bei ya sufu ya mwaka wowote,
atakutajia mpaka senti.
Mwulize mimi nafanana na nani.
"Na Otilia, mke wangu. Shilingi kwa ya pili.
Pua ile ile, kovu lile lile la kikaango."
Kisha ananigeukia kwa upole:
"Hata kuchechemea wamekufundisha.
Wanakulipa kiasi gani?"

Julai, aliteleza kwenye barafu nje ya duka la mikate.
Kichwa kikagonga ukingo wa njia.
Mkate haukutoka kwapani.

Daktari Yerka Ostoic alinichorea nyuma ya risiti
jicho moja, na njia mbili zikitoka humo.
"Hii hupeleka sura kwenye majina.
Hii huipeleka kule kunakopasha damu joto,
kunakolowesha kiganja
kabla hujajua kwa nini.
Kwa Eleuterio ya kwanza nzima, ya pili imekatika.
Sura yako inamfikia ikiwa baridi,
na akili, Otilia, haiwezi kulala na swali.
Italijibu, hata kwa uongo."

Nililia, nikacheka, sikumbuki kipi kilitangulia.
Wanasema macho hayana pazia.
Hawajamwona mume wangu:
la kwake limetundikwa nyuma ya macho.

Nami siku zote nilidhani kupenda ni kazi ya moyo
na kujua ni kazi ya kichwa,
vyumba viwili, ukuta kati.
Sasa naona hata kunijua,
kunijua tu, mimi wa ndara na nywele za asubuhi,
kulipikwa kwa moto ule ule.

Yeye hasa ndiye angepaswa kutuambia.
Miaka ishirini na sita kiwandani alipanga sufu kwa madaraja:
anafumba macho, anasugua nyuzi
kati ya kidole gumba na cha shahada,
anasema "ya kwanza", anasema "ya tatu",
na mashine ya maabara inamkubalia saa mbili baadaye.
"Umejuaje?" vijana wakamwuliza.
"Nimefurahi. Ya kwanza hunifurahisha."
Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yake yote.

Jumanne moja dhoruba ilinifungia kwa dada yangu.
Nilipiga simu nimwambie azime jiko.
"Otilia!"
Sikuwa nimelisikia jina langu tangu Julai.
"Uko wapi? Kuna mwanamke anakuja hapa kila siku.
Hana ubaya. Lakini njoo."

Sikio lina njia yake, alisema Yerka,
na hiyo haikuanguka barafuni.

Basi jioni nasimama ukumbini, mlango nimeurudisha,
hatua sita kutoka kiti chake,
napiga.
Tunaongea habari za kondoo wa binamu, za goti langu,
za binti yetu anayechelewa kuandika.
Akicheka, nasikia kicheko mara mbili:
kimoja simuni, kimoja kikipenya mbao.
Cha mbao hufika kwanza.

Jana akanong'ona: "Yule mwanamke
hutia chumvi viazi kama wewe.
Ukirudi, usimfukuze."

"Sitamfukuza."

Nikakata simu. Nikasubiri kidogo. Nikafungua mlango.
Macho yalikuwa bado yanamng'aa kwa maongezi.
"Bibi," akasema, akinivutia kiti,
"mke wangu anakusalimu."